Orodha ya Ukurasa wa Nne

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo msije mkasoma mkidhani hapa kuna shujaa. Naogopa mbwa, naogopa lifti, naogopa simu inayolia mara moja ikakatika. Na miaka ile niliyokaa Bellevue, mtaa wa wahamiaji huko kusini kabisa mwa bara letu, kuanzia 2015 mpaka 2019, niliogopa hata watu wengi wakicheka pamoja barabarani, kwa sababu kwa mbali huwezi kujua kama wanacheka au wanakuja. Lakini mdomo ninao. Mungu alininyima moyo akanifidia mdomo, na huo mdomo ndio uliotuponza.

Nilikuwa na kiduka cha fotokopi katika chumba cha mbele cha nyumba kuukuu iliyokatwakatwa vyumba. Mashine mbili, moja nzima, moja ya kugombana nayo. Watu walikuja kutoa nakala za pasipoti, za vyeti, za yale makaratasi ya hifadhi ya ukimbizi ambayo kila baada ya miezi kadhaa lazima ukapange foleni upya kama hukuwahi kuonekana duniani. Kwa vile mashine zilikuwa zangu na mdomo ulikuwa wangu, nikaanzisha gazeti. Karatasi moja kubwa iliyokunjwa katikati, kurasa nne, mara moja kwa mwezi, kwa Kiswahili. Tulikuwa wa kila namna: Wakongo, Warundi, sisi Watanzania, na Wakenya wachache wa mabenki waliolichukua na kulisoma ili wacheke Kiswahili chetu. Ukurasa wa kwanza habari, wa pili vifo na vizazi, wa tatu hadithi, wa nne matangazo ya wasusi na mafundi. Binti yangu, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, aliliita "kile kitu chako, mama". Shauri yake. Kile kitu ndicho kilichomnunulia viatu vya shule.

Pamoja na gazeti nilikuwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana. Chama kile kilikuwa na kazi moja tu. Mwanachama akifa, tumpate, tuwapigie kwao, kisha tumsafirishe, au kama haiwezekani tumzike hapahapa tukiwa tunamtaja kwa jina lake. Ili hayo yawezekane, kila mtu aliandikwa kwenye daftari: jina, mtaa, namba ya nyumba, chumba gani, mlango wa mbele au wa nyuma, na nani apigiwe simu nyumbani. Daftari lilikaa kwangu, kwenye droo, chini ya karatasi tupu. Kwa mhamiaji hilo ni jambo zito. Kuna watu waliokuwa wamewaficha wake zao mahali wanapolala, lakini chama walikiambia.

Mmoja wa hao alikuwa fundi cherehani, mama wa Kikongo kutoka Uvira. Alikuja dukani mwaka 2015, ana mfuko mmoja wa nguo, na kichwa cha cherehani amekifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Alitoka Durban. Huko walimtoa chumbani watu wenye mapanga, na kilichomtesa hakikuwa mapanga. Kilichomtesa ni kwamba hawakugonga kwa jirani wala kuuliza. Walikuja moja kwa moja mpaka kwenye mlango wake. Mtu alikuwa amewaelekeza.

"Mama, mimi naogopa vitu viwili," aliniambia siku hiyo, nikiwa nimeshika kalamu. "Naogopa watu wajue fasi ninalala. Na naogopa kufa fasi hakuna mutu ananijua." Fasi, kwa Wakongo, ni mahali. "Sasa unanisaidiaje? Ukiniandika, naogopa. Usiponiandika, naogopa."

Nikamwambia daftari lile nalifungua mimi tu. Mimi peke yangu, Mungu shahidi. Akanitajia mtaa, namba ya nyumba na mlango wa nyuma.

Tukawa marafiki wa kutaniana. Alinishonea magauni, akisema kila mara kiuno changu kimehamia nchi nyingine bila makaratasi. Kusoma alijua kidogo, kwa kuburuza, kwa hiyo kila gazeti lilipotoka nilikuwa namsomea ukurasa wa tatu huku yeye anapiga pasi. Na hapo ndipo anapoingia Mhariri.

Mhariri alikuwa Mmarekani wa karne ya kumi na tisa. Nilimnunua, nasema nilimnunua, kwenye duka la vitu vilivyotumika huko Kensington, mtaa wa jirani, kitabu kizee kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo. Mwenyewe ndiye aliyekiandika, anasimulia maisha yake, kila mahali "mimi, mimi," kwa hiyo jina lake sijalijua mpaka leo. Nikawa namfasiri kwa ufupi, sura moja kwa mwezi, ukurasa wa tatu. Watu walimpenda, jamani! Wasusi waliulizana habari zake saluni kana kwamba ni mpangaji mwenzao.

Alikuwa mtoto wa mkulima maskini, akapelekwa kwa mpiga chapa akiwa na miaka kumi na miwili, akajifunza kupanga herufi za madini ya risasi moja moja, kinyumenyume, mpaka akawa anasoma maneno yaliyogeuzwa upesi kuliko yaliyonyooka. Baadaye akapakia mashine ya mkono kwenye gari la ng'ombe, akaenda magharibi, kwenye kimji cha matope chenye maduka matatu na vilabu vya pombe vitano. Akaanzisha gazeti la kila wiki. Wasomaji walimlipa kwa kuni na viazi. Kulikuwa na mhariri mwingine wa upande wa pili wa barabara, walitukanana kwa maandishi, mmoja kumwita mwenzake nguruwe, na Jumapili walikaa benchi moja kanisani. Kipindupindu kilipoingia, yeye ndiye aliyechapa majina ya waliokufa, kila wiki, na kwa ajili hiyo watu wakamchagua diwani. Fundi wangu aliposikia sura ile aliweka pasi chini. "Huyu ni mutu wetu kabisa," akasema.

Namna yangu ya kufanya kazi ilikuwa hii: sikusoma mbele. Nilisoma sura ya mwezi ule tu, nikafunga kitabu. Nilitaka na mimi nisubiri kama wasomaji wangu. Niliona ni ujanja mzuri sana, na nilijisifu kwa ujanja huo mbele za watu.

Sasa, mwaka 2019 mwenyekiti wetu alirudi kwao Kigoma, tukahitaji mwingine. Nikajitokeza. Si nilikuwa na gazeti? Si Mhariri naye alitoka kwenye gazeti akaingia baraza la mji? Mpinzani wangu alikuwa mzee mmoja wa Kikongo, msimamizi wa walinzi kwenye maduka huko Kensington, mtu wa suti na sauti nzito. Katikati ya mkutano akasimama akasema chama kina wanachama hewa. Kuna akina mama wa vyumba vya nyuma, akasema, tunaambiwa wapo, nani amewaona? Katibu amejaza majina daftarini ili siku ya kura ajipigie mwenyewe.

Damu ilinipanda kichwani. Mimi mwizi wa kura! Nilimjibu maneno ambayo kanisani yasingefaa.

Nikarudi dukani bado nina hasira, na gazeti la mwezi wa nane lilikuwa linadai ukurasa wa tatu, basi nikafungua kitabu. Na sura ya mwezi ule, oneni balaa, ilikuwa ya uchaguzi wake wa pili. Wapinzani wa Mhariri walidai kura zake ni za watu wasiokuwepo, wageni waliotoka Ujerumani na Ireland, ambao hakuna aliyewajua. Yeye alifanya nini? Alichapa orodha yao yote gazetini, jina na nyumba ya kila mmoja, ili mwenye shaka aende akajionee. Wapinzani wakanyamaza. Akashinda.

Nilipiga kofi mezani mpaka mashine mbovu ikawaka taa.

Siku ileile nilitoa daftari kwenye droo, nikaandika ukurasa wa nne upya. Matangazo ya wasusi nikayatupa. Jina, mtaa, namba ya nyumba, mbele au nyuma. Nilipofika kwa fundi, vidole vilisimama. Sitadanganya, vilisimama. Nikajiambia: akikosekana yeye, mzee atasema hao ndio hewa wenyewe, maana yeye ndiye mama wa chumba cha nyuma kuliko wote. Nikajiambia tena: gazeti letu ni la Kiswahili, nani mwingine atalisoma? Nikaandika. Wala sikukumbuka kwamba namba ya nyumba haihitaji Kiswahili, na jina la mtaa ni lilelile kwa kila mtu. Nikatoa nakala mia moja na ishirini, nikazigawa saluni, makanisani, kwa mafundi, na kumi nikampelekea mpinzani wangu mkononi, kwa dharau, nikamwambia awagawie walinzi wake. Fundi nilimsomea ukurasa wa tatu kama kawaida. Ukurasa wa nne sikuugeuza.

Wiki moja baadaye, mwanzoni mwa mwezi wa tisa, simu zikaanza kulia. Ujumbe wa sauti, kutoka mtu hadi mtu: Jumatatu wenyeji wanaingia, wanawatoa wageni nyumba kwa nyumba. Mwingine: wameshaanza mjini, moshi unaonekana. Nani kasema? Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumeshasikia maneno ya namna hiyo miaka mingine yakaisha hewani, ila safari hii hata mwenye spaza ya pembeni yangu, Msomali asiyefunga kiduka chake hata Idi, alishusha shata saa nne asubuhi, akapakia sukari na unga kwenye gari, akaniambia anakwenda Mayfair kwa ndugu zake, na mimi nisikae hapa kama sanamu.

Nilikaa kama sanamu. Wateja hawakuja, barabara ilikuwa nyeupe, na kwa kukosa la kufanya, mikono isitulie, nilichukua kile kitabu. Kwa mara ya kwanza nikasoma mbele.

Sura iliyofuata ilikuwa fupi. Miezi mitatu baada ya ushindi wake, hasira juu ya wageni ilipanda katika mji ule wa matope, na jioni moja watu wakatoka vilabuni kwenda kuwatoa Wajerumani na Waayalandi majumbani. Hawakupapasa. Walikwenda nyumba hii, wakairuka ile, wakaenda nyingine. Mhariri alisimama dirishani akawaona wakipita chini ya taa, na baadhi yao walikuwa na gazeti lake mfukoni, limekunjwa upande wa orodha.

Mama yangu! Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Sijui nililia au nilipiga kelele, ila binti yangu alitoka chumbani akaniuliza kwa Kiswahili, ndiyo, kwa Kiswahili, "Mama, nini?" Nikamwambia afunge mlango kwa ndani na asimfungulie mtu yeyote asiye mimi.

Nikatoka kukusanya gazeti langu. Fikirieni aibu hiyo, mhariri anayepita saluni kwa saluni kuomba watu wamrudishie habari zake. Wengi walikuwa wamejifungia, nikawa nazungumza na tundu la kitasa. "Ukurasa wa nne, uchaneni, nipeni." Wengine hawakuelewa. Wengine walielewa upesi kuliko nilivyotaka, wakafungua mlango na kuniangalia tu, na hayo macho ndiyo sikuyaweza. Msusi mmoja alinirushia lake usoni. Nilipata themanini na kitu. Mengine yalikuwa yameshafungiwa mandazi, yametandikwa chini ya godoro, yameokotwa na wazoa taka. Kila nililolipata nililichana pale pale. Bado yale kumi ya mpinzani wangu.

Nilimkuta kwake, suti hana, amevaa kaptula, kitanda amekisukuma mlangoni. Nilitegemea anicheke. "Mama," akasema, "na mimi nimo kwenye orodha. Na watoto yangu iko hapa." Akaniambia yale magazeti aliyaacha kwenye kibanda cha walinzi, Kensington, juu ya meza, ili walinzi wenzake Wakongo wajichukulie. Wakongo wote wamekaa nyumbani leo. Waliokuja kazini ni wenyeji tu.

"Twende," nikasema.

"Mimi? Siende."

Basi nikaenda mimi, mwoga wa mbwa na lifti. Kwa miguu, jua kali, nimevaa khanga nikaivua njiani nikaificha kwenye mfuko, maana niliona inaniandika usoni natoka wapi. Maduka yalikuwa yamefungwa. Kwenye robot moja, yaani taa za barabarani, wanaume watano walisimama bila kuvuka, wala taa haikuwa nyekundu. Nilipita katikati yao nikihesabu hatua zangu. Mmoja alisema neno, wenzake wakacheka. Hawakunifanya kitu. Nilipofika pembeni nilishika ukuta wa watu nikatapika.

Kibandani alikuwepo mlinzi mmoja, mtu mzima, nywele zimeanza mvi, miwani ameipandisha kwenye paji. Magazeti tisa yalikuwa yamepangwa vizuri. La kumi lilikuwa wazi mbele yake, ukurasa wa nne juu, na pembeni yake ipo simu yake.

Nikamsalimia kwa adabu zote. Nikasema kwa Kiingereza kwamba nimetumwa kuchukua karatasi za kanisa.

"Za kanisa?" akauliza. "Haya majina ni ya nini?"

"Kwaya," nikasema.

"Eish. Kwaya kubwa." Akashusha miwani, akatembeza kidole polepole toka juu kwenda chini. Kikasimama. "Nyumba hii naijua. Nilikaa hapa, zamani, kabla haijakatwa vyumba. Hapa nyuma kuna chumba kimoja tu, kile cha mlango wa bati. Siyo?"

Kidole chake kilikuwa juu ya jina la fundi.

Nikanyoosha mkono kwenye yale tisa. Aliniangalia, na mpaka leo nikikumbuka uso ule sijui nilikuwa naangaliwa na nani, mtu mwema aliyeelewa kila kitu na kunihurumia, au mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akakunja gazeti mara mbili, akaliweka juu ya mengine, akanikabidhi yote kwa mikono miwili.

"Sharp, mama. Nenda salama. Leo usitembee sana."

Kisha akachukua simu yake, akaitia mfukoni. Na mimi ndipo nikaelewa. Mhariri wa watu alikuwa na karatasi tu. Karatasi unaweza kuikusanya ukaichana. Picha iliyopigwa kwa simu utaikusanya wapi? Kama aliipiga. Nilitaka kumuuliza. Nilisimama pale mlangoni nikijisukuma niulize, naye akanitazama akisubiri. Sikuuliza. Niliogopa kwamba nikiuliza nitampa wazo.

Sijui nilirudi Bellevue kwa njia gani. Nakumbuka mlango wa bati tu, nikiupiga kwa kiganja na kusema, "Ni mimi, ni mimi wa gazeti." Akafungua. Alikuwa kazini! Dunia inawaka, yeye anapinda sketi ya mtu ya shule. Redio imezimwa, tepu ya kupimia ipo shingoni.

"Keti," akasema. "Umekuwa mweupe."

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nilianza na Mhariri, akanikatiza. Nikaanza na mpinzani wangu, akanikatiza. "Mama, sema."

"Nimekuchapa gazetini. Jina lako na nyumba."

Alitoa sindano za kubania zilizokuwa midomoni mwake, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. "Uliandika na mulango?"

"Niliandika na mlango."

Nikamweleza na mlinzi, kidole, simu. Nilitegemea anitukane. Wallahi nilitamani anitukane, anipige na ile rula yake ya mbao. Yeye alianza kufungua parafujo za cherehani. Alikuwa mwepesi, mikono yake ilishaifanya kazi ile. Alitoa kichwa cha mashine, akakifunga kwenye kitenge.

"Durban sikujuaga ni nani alionyesha mulango yangu," akasema, hanitazami. "Miaka ine nilikuwa nafikiri. Kila mutu ninapita naye njiani, nafikiri, ni huyu? Sasa hapa angalau najua."

Nikapiga magoti. Kwenye sakafu ile ya saruji, kwenye vipande vya vitambaa, mama mzima. Nikamwomba aje kwangu, alale na mimi na binti yangu. Akasema nyumba yangu nayo imo kwenye orodha. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimejiweka wa kwanza, kwa herufi nzito.

"Basi niambie unaenda wapi. Nisimwambie mtu. Nijue mimi tu. Nitakuandika wapi?"

"Usiniandike," akasema. Akajibebesha mashine mgongoni, akachukua mfuko, akanikabidhi ile sketi ya shule niimalizie pindo na kumpa mwenyewe. Akatokea uani, kwenye pengo la ukuta. Simu yake niliipiga jioni ile. Ilikuwa imezimwa. Nikaipiga asubuhi. Nimeipiga kila siku.

Mnataka kujua kama walikuja. Walikuja mjini, walikuja mitaa mingine, walichoma maduka, na watu walikufa. Mtaa wake hawakufika. Mlango wa bati haukuguswa hata kwa jiwe. Mwenye nyumba alisubiri mwezi mmoja akampangisha mtu mwingine. Wiki ya kwanza nilishukuru Mungu kwa sauti, baadaye nikaona aibu kushukuru, kwa sababu kama hakuna aliyekuja, basi nilimfukuza mimi.

Mpinzani wangu alijitoa, akahamisha watoto wake. Wanachama wakanichagua kwa kunyoosha mikono. Habari zilishaenea kwamba katibu alipita nyumba kwa nyumba siku ile ya hatari, peke yake, mpaka Kensington, kuwaokoa watu. Waliniita mama shujaa. Daftari walitaka liendelee, nami nikaliendeleza, majina mapya na milango mipya. Mstari wake sikuufuta. Hadithi ya Mhariri niliikata, wasomaji wakalalamika sana, wakataka kujua mwisho wake. Mwisho wake aliendelea kuwa diwani miaka mingi na picha yake ilitundikwa kwenye ukumbi wa mji. Niliwawekea namna ya kupika pilau.

Mwezi wa kumi na mbili, mchana, nabadilisha wino wa mashine, simu ikalia. Namba ya Kongo. Sauti ya msichana, nzuri, yenye haraka ya mtu anayeogopa salio kuisha.

"Jambo, mama. Ni wewe mama wa gazeti? Mimi ni binti ya yule mama fundi. Napiga toka Uvira."

Nikaweka wino chini.

"Mama yangu aliniambiaga, siku simu yangu itapotea, piga kwa huyu, yeye ndiye anajua fasi ninalala. Sasa ni miezi mitatu hatumusikie. Hapa nyumbani tumeanza kusema vibaya. Bibi amekatala kula. Mama, ni muzima?"

Nyuma yake nilisikia watu, wengi, wamenyamaza wote kusikiliza. Nilikuwa mwenyekiti wa chama chenye kazi moja tu. Ningeweza kusema sijui. Neno dogo, silabi tatu. Nikaogopa, kama kawaida yangu.

"Mzima kabisa," nikasema. "Mzima, mwanangu. Simu yake iliibiwa."

Ndugu zangu, vilio vya furaha nilivyovisikia! Vigelegele, mtu akipiga meza, sauti ya kikongwe ikimtaja Yesu. Msichana alikuwa analia na kucheka, akaniombea baraka, mimi na watoto wangu na kazi ya mikono yangu. Kisha akawanyamazisha wenzake.

"Aksanti sana, mama. Basi mupelekee simu, wewe unajua fasi analala. Dakika moja tu, asikie sauti ya bibi. Tunangoja, mama, hatukate."